Stendi ya nguzo ya maputo: kuichagua na kuitengeneza isianguke

Kila mara naulizwa maswali yaleyale mawili. La kwanza: "Nguzo yangu imetoka vizuri lakini inaegemea upande mmoja, nifanyeje?" La pili: "Niliiweka mlangoni, mtu kafungua mlango tu, ikaenda chini. Maputo yalikuwa mepesi mno?" Maputo hayana kosa. Nguzo ikiegemea au ikianguka, inama utazame kitako. Mwongozo huu unahusu kitako hicho na bomba linalosimama juu yake. Upangaji wa maputo nitaugusa kwa kiasi cha kuiwezesha stendi yako kufanya kazi.

Nachukulia unataka nguzo ya kawaida: kimo cha mita moja na nusu, maputo ya inchi 11 yaliyopulizwa hadi inchi 9, yamefungwa manne manne, na kila manne nayaita fungu. Ukiiweza hiyo, zilizobaki ni kubadilisha vipimo.

Itasimama wapi?

Wengi wanaoanza hununua stendi kwanza, mahali pa kuiweka wanapafikiria baadaye. Anza na mahali.

Ndani ya ukumbi adui ni watu: mtoto anayekimbia, mkoba unaopita karibu, mlango mpana unaosukumwa kwa kishindo. Nje adui ni upepo, na nguzo ya maputo ni tanga. Ina upana wa karibu nusu mita, kwa hiyo kwa kimo cha mita moja na nusu unaupa upepo kama robo tatu ya mita ya mraba ya kusukuma. Halafu kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana stendi iliyotulia asubuhi unaikuta imelala chali mchana.

Puto kubwa la kichwani ndilo linaloharibu hesabu za wengi. Puto la inchi 36 lina eneo linalokaribia la nguzo yote iliyo chini yake, tena limekaa kileleni, pale ambapo msukumo mdogo unaangusha kirahisi. Mimi hulitumia ndani tu. Nje naweka puto dogo juu, au naacha nguzo iishie na fungu la mwisho.

Aina za stendi

Stendi ya plastiki ya dukani yenye kitako cha kujaza maji inabebeka vizuri, lakini ifikirie kwa kilo: lita moja ya maji ni kilo moja, basi. Kitako cha lita mbili ni kilo mbili. Kama tundu lake linaruhusu, jaza mchanga. Lita moja ya mchanga inafika kilo moja na nusu na kuzidi. Fimbo zake za vipande vipande hulegea kwenye maungio baada ya kutumika mara kadhaa. Ni ya ndani, kwa nguzo fupi.

Bamba la chuma ndilo ninalomshauri mtu anayepamba kila wiki. Bamba la sentimita 40 kwa 40, unene wa milimita 6, lina uzito wa kilo saba na nusu, ni bapa, na linafichika chini ya maputo ya mwanzo. Fundi wa kuchomelea anakuwekea kipande cha bomba la chuma katikati, kazi imeisha. Mwambie azungushe zile pembe nne, maana zinakata zulia na vifundo vya miguu, na ubandike kitambaa kizito chini yake.

Plaiwudi yenye flenji ya bomba katikati (kisahani cha kulishikia bomba kwenye ubao) ni rahisi kutengeneza na nyepesi kusafirisha. Uzito unauongeza ukifika, kwa mifuko ya mchanga juu ya ubao. Ukiisahau mifuko nyumbani, huna stendi.

Inabaki saruji. Ni nzito, haina gharama kubwa, na kila mtu anaweza kuimwaga. Ndiyo tutakayoitengeneza hapa, lakini kabla ya hapo nikuambie nilivyoikosea.

Stendi yangu ya kwanza niliimwaga ndani ya kopo tupu la rangi la lita nne. Ilipokauka nikainyanyua, nikaona kweli nzito, kama kilo sita, nikaridhika. Jioni ya kwanza ya kazi milango miwili ya ukumbi ikafunguliwa kwa pamoja, hewa ikapita, na nguzo ikailalia meza ya zawadi. Uzito nilikuwa nao. Upana sikuwa nao. Kopo lile lilikuwa na kipenyo cha sentimita 18. Kwa bomba lenye kilele cha mita 1.65, nguvu ya gramu 330 kileleni inatosha kuliangusha, yaani chini ya uzito wa chupa ya maji ya nusu lita. Kitako cha kilo 11 chenye upana wa sentimita 35 kinahitaji zaidi ya kilo moja. Kwa hiyo tunamwaga kwenye beseni, kipana na chembamba.

Vitu vya kuwa navyo

- Beseni la plastiki lenye kitako bapa cha sentimita 35. Pima kitako, usipime mdomo. Mabeseni na ndoo hupanuka juu na kubana chini, na kinachoishikilia stendi ni ile sehemu inayogusa sakafu.
- Bomba la PVC la milimita 20, urefu wa sentimita 165.
- Kipande cha bomba la PVC la milimita 25, urefu wa sentimita 20. Nitakiita ala, kwa sababu bomba refu linachomekwa humo kama kisu. Jaribu mabomba hayo mawili dukani kabla ya kulipa: dogo liingie ndani ya kubwa kwa kusukuma kidogo, bila kucheza.
- Nondo ya milimita 10 au 12, urefu wa mita moja. Nayo ijaribu ndani ya bomba la milimita 20.
- Misumari miwili ya inchi tatu.
- Saruji lita 1 na robo, mchanga lita 2 na nusu, kokoto ndogo lita 4 kasoro robo. Ni uwiano wa 1 kwa 2 kwa 3, na unatoa kitako cha unene wa sentimita 5, kilo 11 hivi.
- Maji lita moja.
- Msumeno wa chuma, msasa, drili au msumari wa kuchomwa motoni, tepu, kamba, pima maji.
- Mafuta yaliyokwisha tumika, ya kupaka beseni.
- Glavu za mpira. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole. Unaweza usihisi chochote hadi jioni.

Hatua za kutengeneza

1. Kata mabomba, kisha piga msasa ncha zote. Usiruke huu msasa. Ncha iliyokatwa kwa msumeno ina vijimeno visivyoonekana, na kila kimoja ni puto moja litakalopasuka.

2. Toboa ala matundu manne, sentimita moja kutoka ncha ya chini, mawili yakitazamana na mengine mawili yakiyakata kwa umbo la msalaba. Pandisha jozi moja ya matundu kidogo ili misumari isigongane. Pitisha misumari yote miwili, itokeze pande zote. Ina kazi mbili: kuishika ala ndani ya saruji isizunguke wala kung'oka, na kuwa kizuizi ambacho bomba refu litakikalia.

3. Ziba ncha ya chini ya ala kwa tepu, uzungushe hata pale misumari inapopita. Ziba na ncha ya juu. Saruji ikiingia ndani, ala hiyo ni ya kutupa, na utaligundua hilo kesho yake ikiwa imeshakuwa jiwe.

4. Paka beseni mafuta ndani, chini na kwenye kuta. Kidogo tu, lisibaki dimbwi.

5. Tafuta sakafu iliyo sawa na uihakikishe kwa pima maji. Ukimwagia kwenye sakafu iliyoinama, uso wa saruji utakuwa sawa na maji, lakini chini kitako kitafuata beseni, na utashangaa kwa nini bomba ulilolipima likasimama wima leo limeinama ukumbini.

6. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja. Tia kokoto, changanya tena. Maji tia kidogo kidogo; simama pale mchanganyiko unapoloa wote na ukikandamizwa kwa mwiko unang'aa bila kutiririka. Huenda ile lita isiishe. Maji mengi yanarahisisha kukoroga na yanaharibu saruji: itapasuka na kumomonyoka pembeni.

7. Weka ala katikati ya beseni, ikikanyaga chini kabisa, misumari ikiwa chini. Mwaga mchanganyiko kuizunguka kwa viganja, ukikandamiza pande zote kwa zamu ili isisukumwe. Ukimaliza, gongagonga beseni kwa pembeni mara kumi au ishirini. Utaona vipovu vya hewa vinapanda.

8. Hapa ndipo nguzo nyingi zinapoegemea, basi usiwe na haraka. Ondoa tepu ya juu ya ala, chomeka bomba refu, kisha pima wima kwenye bomba refu. Kosa la milimita 3 kwenye ala ya sentimita 20 halionekani kwa macho. Kileleni pa bomba linakuwa zaidi ya sentimita mbili. Bandika pima maji ubavuni mwa bomba, soma, kisha hama robo ya mzunguko na usome tena. Upande mmoja hautoshi. Ukiridhika, funga kamba tatu kutoka katikati ya bomba hadi kwenye vitu vizito sakafuni, zikiachana sawasawa, na usome mara ya mwisho.

9. Baada ya nusu saa rudi usome tena. Saruji bado laini, na bomba lililohama linarudishika.

10. Acha saa 24 bila kugusa. Kisha chomoa bomba kwa kulizungusha, pindua beseni juu ya gunia na uligonge taratibu hadi kitako kitoke. Kifunike kwa gunia lenye maji kwa siku saba, ukiliongezea maji likikauka. Saruji huimarika kwa unyevu. Ile iliyokaushwa juani inakuwa na vumbi lisiloisha. Usiibebe kazini kabla ya wiki hiyo kupita.

11. Bandika kipande cha zulia kuukuu chini ya kitako. Wenye ukumbi watakushukuru, na stendi haitateleza kwenye vigae.

12. Teremsha nondo ndani ya bomba refu, kisha chomeka bomba kwenye ala. Nondo inazuia bomba kupinda kama upinde maputo yakishapanda, na kwa kuwa imefika mita moja tu, uzito wake unabaki chini.

Jaribio la chupa

Kabla ya puto hata moja, funga kamba kwenye bomba, kimo sawa na mgongo wa kiti. Pitisha kamba juu ya mgongo huo ikiwa imenyooka mlalo, na kwenye ncha yake ning'iniza chupa ya maji ya lita moja. Kiti kiwe laini juu ili kamba iteleze, na mtu akikalie kisisogee. Stendi ikibaki imekanyaga sakafu yote, inafaa kwa ndani. Kopo langu la rangi lingeanguka hapohapo.

Kwa nje, upepo wa kutikisa majani na vitawi stendi hii itauvumilia. Ukiona miti midogo inayumba, ongeza mifuko miwili ya mchanga ya kilo tano tano juu ya kitako, na ufunge bomba kwenye kitu kisichohama kama unacho. Ukizidi hapo usisimamishe nguzo. Hakuna stendi inayobebeka na mtu mmoja itakayokuokoa.

Kuivisha stendi

Hesabu ya maputo ni rahisi. Kila fungu la manne linachukua kimo cha sentimita 15 hadi 17, kwa hiyo mita moja na nusu ni mafungu tisa au kumi. Andaa maputo 40 na matano ya akiba.

1. Kata tundu la mviringo la inchi 9 kwenye boksi gumu. Kila puto lipite humo likigusa kingo kidogo. Usikadirie kwa macho, hata kama umepamba miaka kumi. Fungu lenye puto moja kubwa linasukuma fungu la juu yake, na nguzo inajikunja ingawa stendi imenyooka.

2. Pulizia kwa pampu, ulegeze kidogo hadi puto liwe duara. Likichongoka kama tone kuelekea shingoni, limezidi. Ni hewa ya kawaida tu. Nguzo inayobebwa na bomba haihitaji heliamu.

3. Funga mawili kwa shingo, mengine mawili vilevile, kisha sokota jozi moja juu ya nyingine. Hilo ni fungu.

4. Zungusha tepu ya karatasi mara tatu kwenye ala, sentimita chache juu ya saruji. Ndiyo breki. PVC inateleza, na fungu la kwanza likishuka, yote yanashuka.

5. Bana fungu kwenye bomba, maputo mawili kila upande, kisha pitisha puto la huku kule na la kule huku na uyasokote. Linalofuata likalie kwenye mianya ya lile la chini. Ukitaka rangi zipande kwa kuzunguka, kila fungu lisogeze rangi upande uleule. Ukikosea moja, shusha urudie, kwa sababu jicho la mgeni litatua papo hapo.

6. Kandamiza kila baada ya mafungu matatu kwa viganja viwili. Mwishoni zungusha tepu chini ya fungu la juu kabisa lisipande.

Kitako cha sentimita 35 kinafichwa chenyewe na fungu la chini. Kikionekana, zungushia maputo ya inchi 5. Kitambaa sikipendi, watu wanakikanyaga.

Puto likipasuka, okota vipande mara moja, hasa penye watoto wadogo. Kipande cha mpira kikimezwa kinaziba koo.

Matatizo na dawa zake

Nguzo inaegemea, lakini bomba likiwa tupu limenyooka. Maputo hayalingani, au nondo haipo. Tazama kutoka mbali: ikiwa imepinda kuanzia katikati, ni nondo, ikiwa ina kona mahali pamoja, tafuta puto lililozidi hapo.

Inaegemea hata ikiwa tupu. Zungusha stendi nzima nusu mzunguko. Mwinamo ukihama nayo, kosa ni la ala. Ukibaki upande uleule, ni sakafu. Ya sakafu unaiweka sawa kwa vipande vya kadibodi chini ya kitako. Ya ala haina dawa ya kudumu. Unaweza kuweka kadibodi vilevile, lakini ukipata siku, mwaga kitako kingine.

Bomba linacheza ndani ya ala. Zungusha tepu kwenye bomba, mahali pawili: karibu na ncha ya chini na pale linapoingilia. Mahali pamoja hapatoshi, litabembea.

Maputo yanapasuka yenyewe nje. Joto linaipanua hewa ndani, na rangi za giza zinakamata joto zaidi. Pulizia inchi 8 badala ya 9 na uongeze fungu moja. Yakififia na kupoteza mng'aro ni jua na hewa, hayajaharibika. Ukitaka mng'aro, yapandishe karibu na saa ya shughuli.

Saruji imepata ufa. Ufa wa unywele juu si kitu. Ukiwa umepita kutoka ala hadi ukingoni, usiibebe tena. Itakukatikia mkononi, na ni kilo 11 juu ya vidole vya mguu.

Bomba limekwama ndani ya ala. Usivute, utaing'oa ala. Mwagia ala maji ya moto kwa nje. Plastiki ya nje inapanuka kabla ya ile ya ndani. Shika kwa glavu, zungusha huku unainua. Likitoka, futa mchanga ulioingia, maana ndio uliolikamata, na uzibe mdomo wa ala kwa tepu kabla ya kuirudisha stoo.